Dalili za upungufu wa vitamini na chanzo chake: mwongozo kamili kwa familia za Dodoma na kanda ya kati

Jioni moja ya mwezi Novemba, nikiwa muuguzi katika zahanati ya kijiji wilayani Chamwino, nilipita kwenye nyumba ambayo watoto walikuwa wakikimbizana na mbuzi wanaorudi zizini. Mmoja wao, wa miaka mitatu hivi, alikuwa amekaa ameegemea ukuta peke yake. Bibi yake akaniambia, "Mwanangu, huyu siku hizi kawa mwoga. Giza likiingia hatoki hapo." Nilimwekea bakuli la uji hatua moja mbele yake. Akapapasa chini kwa mikono yote miwili, akalikosa. Hakuwa mwoga. Alikuwa haoni.

Mchana alikuwa akiona kama watoto wengine, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Hivyo ndivyo upungufu wa vitamini unavyoishi majumbani mwetu: unapewa jina la kitu kingine. Mtoto anaitwa mwoga, mama mjamzito anaitwa mvivu, mzee aliyekufa ganzi miguu anaambiwa ni umri, na mjomba aliyeanza kusahau na kuropoka anaambiwa karogwa. Naandika mwongozo huu ili uweze kuliondoa jina hilo la uongo mapema, kwa kusoma vitu vitatu kwa pamoja: sahani, msimu na mwili. Ukisoma mwili peke yake utakosea, maana dalili nyingi hufanana na za maradhi mengine.

Vitamini ziko 13. Nne kati yake, yaani A, D, E na K, huyeyuka kwenye mafuta na mwili unaweza kuziweka akiba. Zilizobaki ni C na kundi la B lenye vitamini nane. Hizi huyeyuka kwenye maji na nyingi hazikai mwilini muda mrefu. B12 inatofautiana na ndugu zake: ini huitunza kwa miaka, kwa hiyo upungufu wake huchelewa sana kujitokeza, na ukijitokeza watu hawaukumbuki tena ulikoanzia.

Hatua ya kwanza: andika sahani ya siku saba

Chukua daftari. Usiulize "Je, mnakula mboga?" kwa sababu kila nyumba itajibu ndiyo. Uliza, "Jana mlikula nini asubuhi, mchana na usiku, na nani alipata kipi?" Fanya hivyo siku saba mfululizo, na uandike hata siku ambayo watu walilala na chai tupu.

Swali la nani alipata kipi ndilo lenye uzito. Nimeona nyumba zenye kuku kumi na tano ambako mayai yote hupelekwa dukani kubadilishwa na sabuni na chumvi, na nyumba ambako nyama hupikwa kila Jumapili lakini mtoto wa miaka miwili hupewa mchuzi tu. Mchuzi si nyama. Ukiandika "nyama" kwenye daftari wakati mtoto alichovya ugali kwenye mchuzi, umejidanganya mwenyewe.

Baada ya siku saba, angalia kama kila mtu ndani ya nyumba, mmoja mmoja, alipata mboga ya majani yenye kijani iliyokolea au kitu cha rangi ya chungwa kwa ndani kama boga, papai, embe, karoti au viazi lishe. Hapo ndipo vitamini A ya mimea inapotoka. Angalia kama alipata chochote cha mnyama: maziwa, yai, dagaa, ini, nyama. Angalia kama alipata tunda au kitu kibichi. Halafu angalia kama chakula kilikuwa na mafuta kidogo au karanga, kwa sababu vitamini A iliyo kwenye majani hainyonywi vizuri bila mafuta. Mstari uliobaki mtupu kwa mtu fulani wiki nzima ndio unaokuambia uanze kuangalia wapi kwenye mwili wake.

Ugali kwa mlenda kila siku si aibu wala si chakula duni. Mlenda ni mboga ya majani, na Wagogo wamevuka ukame mwingi kwa sababu yake. La kujua ni ulivyokaushwa, ulivyopikwa, na kama kuna karanga ndani yake. Nitalirudia hilo kwenye hatua ya jikoni.

Hatua ya pili: weka msimu mbele ya macho yako

Kanda yetu hupata msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe si nyingi. Hii ina maana mbili ambazo watu huzichanganya.

Januari na Februari majani yamejaa kila mahali, majani ya kunde, ya maboga, mchicha wa shambani, lakini ghala limeisha. Watu wana mboga na hawana nafaka; hulima na njaa. Kuanzia Juni mambo hugeuka. Nafaka ipo, uwele na mtama vimevunwa, lakini mboga mbichi hupungua wiki hadi wiki mpaka Oktoba na Novemba inabaki ile iliyokaushwa. Mtu mzima aliyekula vizuri ana akiba ya vitamini A kwenye ini ya miezi kadhaa. Mtoto mdogo, hasa aliyeachishwa ziwa mapema au aliyeugua kuhara mara kwa mara, hana akiba hiyo. Ndiyo maana nilipomwona yule mtoto mwezi Novemba sikushangaa.

Kwa hiyo ukiona dalili, jiulize miezi mitatu iliyopita nyumba ilikuwa ikila nini, maana sahani ya leo inaweza kukudanganya. Unaweza kukuta mama amepika mchicha mzuri kabisa siku uliyofika, na mtoto bado haoni usiku.

Hatua ya tatu: macho

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kuchelewa kunaleta upofu usiorudi nyuma.

Dalili ya kwanza ni kutoona jioni na usiku. Mtoto mdogo hawezi kukueleza, kwa hiyo mtazame saa kumi na mbili na nusu jioni, kabla taa haijawashwa. Je, anaacha kucheza wakati wenzake wanaendelea? Anajikwaa kwenye kinu au kwenye mafiga anayoyajua? Anapapasa chakula? Anamng'ang'ania mama wakati mchana hana shida? Mjamzito muulize moja kwa moja kama jioni haoni vizuri kuliko alivyokuwa kabla ya mimba. Wengi hudhani ni kawaida ya ujauzito na hawasemi mpaka waulizwe.

Dalili inayofuata ni ukavu. Jicho zima hung'aa kwa unyevu. Jicho lenye upungufu wa vitamini A huwa limefifia, sehemu nyeupe inaonekana kama ngozi iliyokunjamana, na pembeni mwa kiini, hasa upande wa sikio, panaweza kutokea bato jeupe kama povu la sabuni. Baada ya hapo kioo cha jicho, kile kinachofunika sehemu nyeusi, hukauka, huwa na ukungu, kisha huchimbika kidonda. Kutoka ukungu hadi jicho kutoboka zinaweza kupita siku chache tu, hasa mtoto akiwa na surua au utapiamlo mkali. Mtoto mwenye ukungu machoni anaondoka nyumbani siku hiyo hiyo, kwa bodaboda, kwa baiskeli, kwa mgongo. Hasubiri siku ya kliniki.

Huku kwetu kuna jambo linalowachanganya watu: vikope. Kongwa na maeneo jirani yamekuwa na vikope kwa miaka mingi, na familia nyingi zimezoea macho mekundu yenye tongotongo na inzi. Vikope huletwa na vijidudu. Jicho hutoa uchafu, huwasha, na baada ya miaka ya kuugua mara kwa mara kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho. Upungufu wa vitamini A huanza kimya, bila tongotongo na bila kuwasha. Mtoto haoni giza likiingia, na jicho lake ni kavu. Mtoto mmoja anaweza kuwa na yote mawili, kwa hiyo kuwepo kwa tongotongo kusikufanye uache kuuliza habari za jioni.

Usiweke chochote kwenye jicho: wala maji ya majani, wala unga wa mizizi, wala dawa ya matone iliyobaki kwa jirani. Dawa za kienyeji za macho zimewapofusha watoto ambao ugonjwa peke yake usingewapofusha. Nasema hivi nikijua kwamba aliyeweka alikuwa bibi mwenye mapenzi.

Tiba ni vitamini A ya dozi kubwa: siku ya kwanza, siku ya pili, na tena baada ya wiki mbili, kwa kipimo kinachofuata umri wa mtoto. Mtoto mwenye surua naye hupewa vitamini A siku mbili mfululizo hata kama macho yake yanaonekana mazima. Kutoona usiku huwa kunapona haraka ajabu. Yule mtoto wa Chamwino siku ya tatu jioni alikuwa nje na wenzake.

Kinga yake ni ya bure. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, kwa kawaida Juni na Desemba. Kidonge laini cha bluu kwa wa miezi 6 hadi 11, chekundu kwa wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5. Angalia kadi ya kliniki sasa hivi. Kama nafasi ya mwisho iko tupu, nenda kaulize zahanati, usingoje mwezi mwingine wa kampeni.

Hatua ya nne: mdomo, fizi na ngozi

Mwambie mtu afungue mdomo akiwa kwenye mwanga wa jua. Pembe za mdomo zilizopasuka pande zote mbili, midomo iliyochubuka, na ulimi uliovimba wenye rangi nyekundu ya nyama mara nyingi huashiria upungufu wa B2 au wenzake wa kundi la B, na pia huja pamoja na upungufu wa madini ya chuma. Ulimi laini unaong'aa kama umesuguliwa, unaouma kwa pilipili, hunifanya nifikirie B12 na foliki asidi, yaani B9. Fizi zilizovimba, za rangi ya zambarau, zinazotoa damu zikiguswa tu, pamoja na vidonda visivyofunga na michubuko inayotokea bila kuumizwa, ni vitamini C. Lakini fizi zinazotoka damu wakati wa kupiga mswaki, basi, mara nyingi ni uchafu wa meno. Vitamini C huwaishia wazee wanaoishi peke yao kwa chai na ugali, na mwili huhitaji mwezi mmoja hadi mitatu bila vitamini hiyo ndipo dalili zijitokeze.

Ngozi ina ugonjwa mmoja ambao kila nyumba inayokula mahindi matupu inapaswa kuujua: pelagra, upungufu wa vitamini B3. Ngozi hubadilika mahali jua linapopiga tu: nyuma ya viganja, mikononi, juu ya miguu, usoni, na kuzunguka shingo kama mkufu. Huwa nyeusi kuliko kawaida, ngumu, kisha hubanduka kama magamba, na mpaka wake unaonekana wazi pale mkono wa shati unapoishia. Hutokea pande zote mbili kwa usawa. Fangasi haina adabu ya namna hiyo. Hukaa upande mmoja, huwasha, na haijali shati limeishia wapi. Pelagra huja na kuhara, kisha akili: kukosa usingizi, hasira, kusahau, kuropoka. Isipotibiwa huua.

Kisa cha pelagra kinafundisha. Gaspar Casal aliielezea Hispania mwaka 1735 kwa maskini waliokula mahindi. Miaka ya 1910 huko Marekani wengi waliamini ni ugonjwa wa kuambukiza, mpaka daktari Joseph Goldberger alipoonyesha kwamba ni chakula. Mahindi yana B3 lakini imefungwa, tumbo haliwezi kuifungua yote, na protini yake ina uhaba wa kiini ambacho mwili ungekigeuza kuwa B3. Mtama nao peke yake unaweza kuleta shida hiyo. Karanga zina B3 nyingi, na ndiyo sababu naziheshimu sana karanga zinazosagwa na kutiwa kwenye mlenda.

Basi ukiwa na ndugu aliyeanza kuchanganyikiwa, kabla ya kukubali neno la kurogwa, mfunue mikono na shingo, mwangalie. Akipelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, au popote pengine, wewe unayemsindikiza ueleze pia habari za ngozi, kuhara na alichokuwa akila. Mgonjwa mwenyewe hataweza kueleza. Akili ya mwenye pelagra huanza kurudi ndani ya siku chache za tiba; ngozi huchukua wiki.

Hatua ya tano: miguu, nguvu na mifupa

Miguu kufa ganzi, kuchomachoma kama pini, kutembea kama uko juu ya godoro, kusahau: kwa mtu mzima mwenye dalili hizi nauliza mambo matatu. Anakula chochote cha mnyama? Ana kisukari na anameza metformini? Anameza omeprazoli kila siku kwa miaka kwa ajili ya vidonda vya tumbo? Kutokula vya mnyama na dawa hizo mbili, yote matatu yanaweza kupunguza B12, kila moja kwa njia yake, na kisukari chenyewe pia huleta ganzi. Ndiyo maana kununua vidonge vya B dukani bila kupima sukari ni hatari: mtu hujiona anatibiwa huku sukari inamla. Mishipa ya fahamu iliyokaa muda mrefu bila B12 inaweza isirudi ilivyokuwa.

B1 huwapungukia hasa wanywaji wa pombe wasiokula, na wajawazito wanaotapika wiki nyingi. Miguu hukosa nguvu na ganzi, au huvimba na moyo kwenda mbio. Mnywaji anayeanza kuyumba hata siku ambayo hajanywa, macho yakichezacheza na akili ikivurugika, ni dharura ya hospitali.

Mifupa ni vitamini D, ambayo mwili huitengeneza kwa jua. Watu huuliza, itakosekanaje Dodoma yenye jua lote hili? Hukosekana kwa mtoto anayefunikwa na kufungiwa ndani miezi yote, na kwa mtu anayejifunika mwili mzima anapotoka. Pia mifupa huhitaji kalsiamu, na mtoto asiyepata maziwa wala dagaa wa kutafunwa na mifupa yao anaweza kupata matege hata akiota jua. Tazama vifundo vya mikono vilivyonenepa, vinundu kama shanga kwenye mbavu, kuchelewa kutembea. Miguu ya upinde kidogo kabla ya miaka miwili ni kawaida. Na ukiwa Singida au Manyara, ambako maji ya visima vingi yana floraidi nyingi, matege pamoja na meno ya kahawia yakufanye uulize kuhusu maji kwanza.

Hatua ya sita: damu, na mimba ambayo bado haijajulikana

Weka kiganja cha mtu kando ya cha mtu mzima mwenye afya. Vuta chini kope la jicho uone wekundu wa ndani. Weupe ni dalili ya upungufu wa damu, na mara nyingi chanzo ni madini ya chuma, malaria, minyoo ya safura au selimundu kuliko vitamini. Foliki asidi na B12 nazo zimo, kwa hiyo pima, usikisie. Mjamzito anayekula udongo wa pemba asichekwe. Mara nyingi huo ni mwili unaolilia chuma, na udongo wenyewe humzidishia tatizo.

Foliki asidi nataka kila msichana na mama aisikie vizuri. Mfereji unaokuwa uti wa mgongo na ubongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Wakati huo wengi hawajajua kuwa wana mimba. Ukosefu wa foliki asidi wakati huo huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, na wengi wa watoto hao hupata na kichwa kikubwa. Kwa hiyo vidonge vinavyotolewa kliniki, vizuri kama vilivyo kwa damu, kwa jambo hili moja huwa vimechelewa. Anayepanga kuzaa aanze mikrogramu 400 kwa siku angalau mwezi mmoja kabla. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au anayetumia dawa za kifafa, anahitaji kipimo kikubwa zaidi kutoka kwa daktari.

Unga wa viwanda vikubwa vya hapa nchini hutakiwa kuongezwa foliki asidi, B12, chuma na zinki, na mafuta ya kula kuongezwa vitamini A. Lakini wengi wetu tunasaga mahindi yetu kwenye mashine ya kijiji na kununua alizeti iliyokamuliwa mtaani. Ni chakula safi, ila virutubishi hivyo havimo. Alizeti ina vitamini E ya kutosha, A haina.

Hatua ya saba: tafuta mwizi

Wakati mwingine sahani ni nzuri na bado mtu amepungukiwa. Hapo kuna kinachoiba. Kuhara kwa muda mrefu, minyoo, ugonjwa wa ini, VVU visivyotibiwa, kifua kikuu. Dawa nazo: isoniazidi, inayotumika kutibu na kukinga kifua kikuu, hupunguza B6 na inaweza kuchangia pelagra, ndiyo maana watu hupewa B6 pamoja nayo. Ukipewa isoniazidi peke yake na miguu ikaanza kuchomachoma, rudi useme. Usiache dawa mwenyewe. Pombe huiba mara mbili, kwanza kwa kuchukua nafasi ya chakula, pili kwa kuzuia tumbo kunyonya.

Hatua ya nane: rekebisha jikoni

Anza na ukaushaji. Majani yakianikwa juu ya bati kwenye jua kali hupoteza sehemu kubwa ya vitamini A. Yachovye kwenye maji yanayochemka dakika mbili hadi tatu, yachuje, yaanike kivulini penye upepo juu ya mkeka safi, kisha yahifadhi kwenye chombo kisichopitisha mwanga. Vitamini C itapotea hata hivyo, itafute kwingine.

Magadi. Najua mlenda bila magadi kwa wengine si mlenda. Lakini magadi huharibu B1 na C ndani ya chungu. Tia kidogo kuliko ulivyozoea, na mwishoni. Kisha karanga zilizosagwa au kijiko cha mafuta ya alizeti.

Karanga na mahindi ziwe safi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Chambua, tupa zilizokunjamana, zenye ukungu au zilizobadilika rangi, na usizisage kwa ajili ya uji wa mtoto kwa kuzionea huruma. Kausha vizuri, usiweke chini kwenye udongo.

Vitamini C tunayo mlangoni: ubuyu. Unga wa ubuyu, uzito kwa uzito, una vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Ule uliopikwa na sukari na rangi umepoteza nyingi. Chukua unga mkavu, upepete, ukoroge kwenye uji uliokwisha kupoa kiasi cha kunyweka. Usipime vitamini C kwa uchachu: ukwaju ni mchachu sana lakini vitamini C yake ni ndogo, na zabibu zetu, pamoja na fahari yake yote, nazo hazina nyingi. Pera linazishinda zote mbili kwa mbali.

Saga dona inapowezekana. Kukoboa huondoa B nyingi pamoja na pumba. Bakiza mayai mawili matatu kwa wiki kwa mtoto kabla ya kuyapeleka dukani. Kipande cha ini mara moja kwa wiki mbili, dagaa wa kutwanga kwenye uji. Chai kaa nayo mbali na mlo saa moja, maana huzuia chuma. Mtoto mchanga apewe dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, yana vitamini A nyingi. Anyonye tu mpaka miezi sita, na aote jua la saa tatu au nne asubuhi mikono na miguu ikiwa wazi.

Hatua ya tisa: zahanati, na vidonge

Nenda na daftari lako, kadi ya kliniki na dawa zote unazotumia, hata za mitishamba. Sema dalili kwa mpangilio wa muda: "Alianza kutoona jioni baada ya surua, wiki tatu zilizopita." Sentensi hiyo inamsaidia tabibu kuliko "mtoto anaumwa macho." Mtoto wa miezi 6 hadi 59 omba apimwe mzunguko wa mkono, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na miguu yote miwili inayobaki na shimo ukiibonyeza ni hivyo hivyo. Hapo vitamini peke yake haitoshi.

Usinunue multivitamini kuwa jibu la kila kitu. Kiasi kilichomo ni cha kukinga, mara nyingi hakitoshi kutibu upungufu mkubwa. Vitamini A ya dozi kubwa ni hatari kwa mjamzito, inaweza kulemaza mtoto tumboni. Usigawane kidonge cha mtoto. Foliki asidi peke yake kwa mtu aliyepungukiwa B12 inaweza kurekebisha damu huku mishipa ikiendelea kuharibika. Dalili hiyo ya damu ikipotea, hakuna tena anayetafuta.

Andika tarehe tiba ilipoanza. Kutoona usiku kunapaswa kubadilika ndani ya siku chache, fizi ndani ya wiki moja au mbili, ngozi ya pelagra ndani ya wiki kadhaa, ganzi ya B12 kwa miezi. Wiki mbili zikipita bila mabadiliko yoyote kwenye macho, fizi au ngozi, rudi na daftari lile lile na uombe kuchunguzwa upya, kwa sababu huenda chanzo si vitamini.